Kiapo cha Bwana Shekuwe na Mchuzi wa Jana

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa chungu!

Chungu cha nani?

Cha mpishi!

Na mlaji yuko wapi?

Anangoja!

Basi na angoje. Ninyi sogeeni, moto ni mmoja na masikio ni mengi. Mwenye kutaka kulala alale sasa hivi, asije akazinduka katikati akaniuliza, "Bibi, huyu kunguru ametoka wapi?" Kunguru nitamtaja mwenyewe, wakati wake ukifika.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakisema na watu, na watu wakiwa na adabu ya kuwajibu, palikuwa na mji uitwao Vyunguni. Katika mji huo nyumba ni ya mke. Baba humjengea binti yake, na mume huingia na nguo alizovaa na maneno yake matamu. Siku akitoka, hutoka na nguo alizovaa. Maneno matamu huwa yameisha zamani.

Mji huo ulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, hakuna chungu kilichopikwa bila fungu la mgeni. Mkiwa wawili, mnapika cha watatu au wanne, maana mgeni hatumi salamu kabla ya kuja, na aibu ya kumpa maji matupu haifutiki. Ya pili, neno likisemwa barazani, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi, halirudi. Ndiyo maana wenye akili walikunywa kwanza, wakaweka kikombe chini, ndipo wakasema. Lakini wenye akili, kama mjuavyo, hawashindi barazani.

Sasa palikuwa na mtu akiitwa Bwana Shekuwe, fundi wa kushona kofia. Mkewe aliitwa Somoe. Shekuwe alikuwa mume mwema. Hakuinua mkono, hakuinua sauti, na Somoe akiumwa kichwa yeye ndiye aliyekwenda kisimani, ingawa alipita uchochoroni asionekane na ndoo. Somoe alimpenda. Msiniulize kwa nini, nami niliolewa.

Ila Shekuwe alikuwa na ugonjwa mmoja, kiburi cha tumbo. Kiporo hakula. Wali wa jana? Hapana. Maharage ya jana? Hapana. Mchuzi wa jana? Wacha wee! Ukimsogezea alikunja pua akatazama ukutani.

"Mla ni mla leo," alisema. "Mla jana kala nini?"

Basi kila asubuhi Somoe alilibeba fungu la mgeni asiyekuja, akaenda kulimwaga jaani. Na jaani ndiko alikokaa Kunguru. Haya, ndiye huyo. Kunguru alikula mchuzi wa Somoe kila asubuhi ya Mungu, akanenepa mpaka kuruka kukamshinda, akawa anatembea kwa miguu kama mtu mwenye mashamba. Na kila akimaliza kula alifuta mdomo wake kwenye jiwe, akaomba dua: "Ewe Mola, mpe Bwana Shekuwe umri mrefu na pua ile ile."

Siku moja Shekuwe alikuwa barazani, kikombe mkononi. Karibu naye alikaa Mwinyikai, mtu ambaye ulimi wake ulikuwa ukiamka kabla yake. Mwinyikai akasema, "Shekuwe, leo sikukuona sokoni. Nyumbani kwako kuna nini leo, kiporo?"

Watu wakacheka.

Kile kicheko kilimchoma Shekuwe. Akasimama. Kikombe hakukiweka chini. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili, "Nisikilizeni! Siku nitakayokula kiporo, na nitoke nyumbani kwa Somoe na nguo nilizovaa, nisigeuke nyuma!"

Kahawa ilikuwa bado inafuka mkononi mwake.

Mwinyikai angefanyaje? Angekaa aonekane yeye ndiye mla kiporo wa mji? Akasimama na kikombe chake. "Hata mimi!" Na aliyekaa pembeni yake akasimama. "Hata mimi!" Na aliyekuwa akisinzia akagutuka, asijue kinachosemwa. "Hata mimi!" Mpaka wanaume wote wa Vyunguni wakawa wamekula kiapo kimoja, kwa kahawa moja, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwanza kumwuliza mkewe. Nami nawaambia, kati ya vyote vilivyoliwa katika hadithi hii, kiapo ndicho kilichokaa vibaya tumboni.

Mwaka ule mvua haikunyesha Vyunguni. Ilionekana mbali, ikanyesha kwa wengine. Minazi ikazaa vidaka, nazi changa, vikapukutika. Mtama ukaota kwa haya. Somoe akaingia ghalani, akaiona sakafu, mahali ambapo miaka yote hakuwahi kuiona sakafu. Shekuwe hakujua. Mwanamume haingii ghalani, na siri ya mtungi aijuaye kata.

Somoe akakaa juu ya kinu kilichofunikwa, akawaza. Kupunguza fungu la mgeni hawezi, ataaibisha nyumba ya baba yake. Akiendelea kumwaga, mavuno hayatawakuta hai. Akimpa Shekuwe mchuzi wa jana, mume atatoka mlangoni na asigeuke nyuma. Njaa huku, ujane huku, na yeye katikati ameshika chungu.

Asubuhi akabeba maharage ya nazi yaliyobaki, akaenda nayo jaani huku machozi yanamtoka. Kunguru alikuwa amekwisha kukaa mkao wa kula. Akaimba:

*Mwaga, Somoe, mwaga,*
*cha jana hakina mwenyewe!*
*Mume wako ameapa,*
*mwaga nile mimi mwenyewe!*

Somoe akainamisha chungu. Harufu ya nazi na kitunguu saumu ikampanda puani. Akainua chungu. Akasema, "Ee Mungu, kosa la maharage haya ni lipi?" Akageuka, akarudi nacho nyumbani. Kunguru akabaki mdomo wazi.

Siku ile Somoe aliyachuja maharage, rojo mbali, punje mbali. Punje akaziponda kwa mwiko, akatia kitunguu kilichokatwa, pilipili, na unga kidogo wa kushikanishia. Akaviringa viduara, akavikaanga mpaka vikawa vyekundu. Lile rojo akalitia ukwaju, akalichemsha likawa zito, akaliweka kwenye bakuli dogo pembeni. Jioni akaandaa.

"Somoe, hiki ni nini?"

"Ni chakula, Bwana."

"Cha jana?"

"Kimetoka motoni sasa hivi. Kiguse."

Shekuwe akakigusa. Kikamwunguza, akanyonya kidole.

"Kweli," akasema, "ni cha leo."

Akala, akachovya, akala tena, akauliza kama vipo vingine. Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Alipoona sahani imebaki nyeupe, alirudi jikoni akacheka peke yake, mkono mdomoni. Mwenye kiburi ana kipimo kimoja tu cha upya. Kikimwunguza, ni kipya.

Siku ya pili kulibaki mchuzi wa samaki. Kunguru alingoja jaani mpaka jua likampiga utosini. Akaona hakuna mtu, akaenda kwa miguu mpaka dirishani kwa Somoe, akaimba:

*Mwaga, Somoe, mwaga,*
*cha jana hakina mwenyewe!*

Somoe akamfungia dirisha. Akamchambua samaki miba, akachemsha muhogo, akautwanga. Akautia ule mchuzi mzito na nyanya zake na vitunguu vyake vyote, akakamulia ndimu, akafinyanga mapande bapa, akayapaka yai moja lililokuwa la mwisho. Akakaanga katlesi. Jioni akaandaa.

"Somoe, hiki ni nini?"

"Ni chakula, Bwana."

"Cha jana?"

"Kimetoka motoni sasa hivi. Kiguse."

Akagusa, akaungua, akanyonya kidole.

"Kweli, ni cha leo."

Akala mpaka akafungua kishikizo cha kanzu.

Siku ya tatu kulibaki mchuzi wa nyama, nyama yenyewe ya kutafuta kwa tochi, pamoja na chapati za juzi zilizokuwa ngumu kama kandambili. Kunguru aliimba nyuma ya mlango, sauti imeanza kukwaruza. Somoe hakumsikiliza. Akazichana zile chapati vipande vipande, akauchemsha mchuzi na tui kidogo na binzari nyembamba, akazimwagia, akafunika. Chapati zikanywa, zikalainika, zikasahau juzi. Jioni akaandaa.

"Somoe, hiki..."

"Kiguse, Bwana."

"Kweli," akasema, na kidole kiko mdomoni.

Mke mwingine angenyamazia hapo, na mume mwingine angekula akanyamaza. Lakini Shekuwe alikuwa na baraza la kwenda. Kesho yake akakaa katikati ya wenzake, akajipapasa tumbo, akasema, "Jamani, mwaka huu watu wanalia njaa. Sijui wanaoa wapi. Kwangu mimi kila siku chakula kipya. Majuzi viduara vya maharage. Juzi katlesi. Jana chapati za kunywa mchuzi. Mwanamume akijua kuoa, ukame unapita nje."

Wanaume wakarudi makwao wamenuna. "Kwa Shekuwe kuna katlesi," wakawaambia wake zao. "Kwetu kuna nini? Maana kiporo sili!"

Asubuhi mlango wa Somoe ukajaa hodi.

"Hodi, shoga."

"Karibu, shoga."

"Umetuponza. Haya, tufundishe."

Somoe akawaingiza, akafunga mlango, akawaeleza. Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Wakarudi makwao, na kila mmoja akaongeza lake. Mchicha wa jana ukaingia katika unga wa chapati, ukatoka na madoadoa ya kijani, mume akaambiwa ni chapati za kisultani. Mchuzi wa kuku ukachemshiwa mtama, ukaitwa uji wa nguvu. Mke wa Mwinyikai, mama mmoja mpole sana, alichukua kunde za jana akazifunika kwa wali wa juzi akazichoma ndani ya jani la mgomba, na Mwinyikai alipouliza hiki ni nini, akajibiwa kwa upole, "Fungua uone." Alifungua, akaungua, akaridhika.

Jaa la Vyunguni likakauka. Likaota nyasi. Watoto wakaanza kucheza pale.

Na Kunguru? Kunguru alikonda mpaka akaweza kuruka tena, jambo ambalo lingemfurahisha ndege mwingine. Yeye lilimtia uchungu. Akakaa juu ya ukuta, akafikiri: "Wanaume hawa wameapa. Wakijua wanachokula wataogopa. Wakiogopa, vyungu vitarudi jaani." Alasiri akaruka, akatua penye ngazi ya baraza.

"Masalkheri, mabwana."

"Masalkheri, Kunguru. Mbona umekonda?"

"Nimekonda kwa sababu ninyi mmenenepa," akasema Kunguru. "Bwana Shekuwe, unakula kiporo."

Shekuwe akacheka. "Mimi? Chakula changu chaniunguza vidole!"

"Viduara vyako ni maharage ya jana. Katlesi yako ni mchuzi wa samaki niliouona kwa macho yangu ukikataliwa kumwagwa. Nimezaliwa jaani, nimekulia jaani, sahani ya kila nyumba naijua kwa harufu. Kilichokuwa changu sasa kiko tumboni mwako."

Mwinyikai akaruka kwa furaha. "Ala! Basi leo Shekuwe anatoka! Na nguo alizovaa! Asigeuke nyuma!"

"Na wewe pia, Bwana Mwinyikai," akasema Kunguru. "Na wewe uliye pembeni. Na wewe unayesinzia. Ninyi nyote."

Mwinyikai akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ulimi wake ulilala kabla yake.

Neno lilikuwa limesemwa na kahawa mkononi. Hapakuwa na njia, ila kwenda kwa Hakimu.

Hakimu wa Vyunguni alikuwa Mbuzi. Msicheke. Alikuwa na ndevu, alikuwa na utulivu, na ukimwuliza jambo hakujibu upesi, alitafuna kwanza. Watu walisema, "Tazama anavyofikiri." Asubuhi mji wote ukakusanyika mbele yake. Upande huu wanaume, wamevaa kila mmoja kanzu tatu, moja juu ya nyingine, maana kiapo kilisema watatoka na nguo walizovaa. Upande huu wanawake. Katikati Kunguru.

Kunguru akatoa ushahidi wake wote, chungu kwa chungu. Hakimu Mbuzi akatafuna, akamgeukia Somoe.

"Mwanangu Somoe, wewe ndiye uliyeanza. Sema kweli. Ulimpa mumeo kiporo?"

Somoe alisimama. Akisema ndiyo, Shekuwe anatoka, na nyuma yake waume wa mashoga zake wote. Akisema hapana, amesema uongo mbele ya watu na mbele ya Mungu. Akamtazama mumewe ndani ya zile kanzu tatu, jasho linamtiririka, akamwonea huruma, na pia akamkasirikia sana.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "mimi sikuapa. Aliyeapa ni yeye. Mwenye kiapo ndiye ajuaye alichokiapia. Muulizeni yeye kiporo ni nini. Atakalosema, mimi nitalikubali, hata likinivunjia nyumba."

Macho yote yakamgeukia Shekuwe.

Shekuwe alimtazama Somoe. Sijui alikuwa hajamtazama kwa muda gani. Aliona mifupa ya mabega imechomoza chini ya kanga. Aliona alama za mafuta ya moto mikononi. Mtu aliyekula akashiba kila jioni alitambua, pale mbele ya watu, kwamba hakuwahi kuuliza mkewe anakula nini. Angeweza kusema, "Nimekosa." Ni neno fupi. Lakini wanaume wenzake walikuwa nyuma yake, wote wanahema kwa kanzu tatu tatu, na yeye alizoea kusema marefu.

"Mheshimiwa Hakimu," akaanza, "kiporo... kiporo ni kitu gani? Mahindi yakisagwa yakawa unga, nani atayaita mahindi? Unga ukisongwa ukawa ugali, nani atauita unga? Basi maharage yakipondwa, yakaungwa, yakaviringwa, yakakaangwa, nani mwenye uso wa kuyaita maharage ya jana? Mkono umepita hapo! Moto umepita hapo! Jana imekwisha!"

"Sadakta!" wakaitikia wanaume.

"Mimi sili kiporo," akapaaza sauti, "lakini atakayesema katlesi ya mke wangu ni kiporo, huyo hajui kula!"

Fikirini, watoto. Mtu ambaye mchuzi wa jana ulimfanya atazame ukuta, sasa anautetea kama mwanawe wa kwanza. Wanawake walijifunika nyuso kwa kanga. Mabega yao yalikuwa yanatikisika, na haikuwa kwa kilio.

Kunguru akakasirika. "Maneno matupu! Kilichopikwa jana ni cha jana, hata ukikivika kanzu tatu! Mheshimiwa Hakimu, toa hukumu!"

Hakimu Mbuzi akatafuna. Akatafuna. Akatafuna.

Kunguru akainamisha kichwa upande mmoja. "Samahani, Mheshimiwa. Wewe hapo unatafuna nini?"

"Majani," akasema Hakimu.

"Umeyala saa ngapi, mbona hatukukuona ukila?"

Hakimu akaacha kutafuna. Mji mzima ukatazama shavu lake. Maana kila mchunga anajua, mbuzi hula leo akahifadhi, akilala akacheua akala tena kile kile. Hakimu alikuwa ameshika mdomoni majani ya jana magharibi. Akameza. Donge likaonekana likishuka polepole shingoni, na watu wote wakalisindikiza kwa macho.

Basi hukumu ikatoka upesi kuliko hukumu zote zilizowahi kutoka Vyunguni.

"Sheria ni wazi," akasema Hakimu Mbuzi. "Kiporo ni chakula kilichofika jaani. Ambacho hakijafika jaani si kiporo, ni chakula kilicho safarini. Kikilala chunguni usiku mmoja, kimepumzika. Kikilala usiku wa pili, kimepumzika vizuri. Wanaume wa Vyunguni hawajala kiporo. Katika mji huu mla kiporo ni mmoja tu, naye ni Kunguru. Kesi imekwisha."

Wanaume wakapiga vigelegele, ambavyo si vyao. Wakambeba Hakimu juu juu na kumrusharusha, mpaka aliyoyameza yakataka kurudi kabla ya wakati wake. Kunguru akasema kwa uchungu, "Kumbe wa aibu ni mimi? Basi nami sili tena cha jaani peke yake!" Akaruka. Na tangu siku ile mpaka leo, ukiweka sahani uani ukageuka kidogo tu, Kunguru anashuka anachukua kipande cha leo, cha moto, mbele ya macho yako, na hakuna hakimu anayemweza.

Somoe hakupiga kigelegele. Mashoga zake nao hawakupiga. Walikuwa wametulia, wanatazamana, maana wao walikuwa wameisikiliza ile hukumu mpaka mwisho.

Jioni Shekuwe akarudi nyumbani mshindi. Akavua kanzu mbili, akabaki na moja, akanawa, akakaa mkekani. Somoe akaleta chungu. Ndani yake mlikuwa na mchuzi wa samaki. Haukuchujwa, haukufinyangwa, haukukaangwa. Ulikuwa vile vile ulivyokuwa jana, na jicho la samaki linamtazama.

"Somoe, hiki ni nini?"

"Ni mchuzi wa jana, Bwana."

"Wa jana?"

"Umepumzika vizuri. Hakimu kasema."

Shekuwe akautazama mchuzi. Mchuzi ukamtazama.

"Lakini... zile katlesi?"

"Katlesi nilipika nikiogopa utatoka," akasema Somoe. "Muhogo niliutwanga nikilia. Sasa sheria imesema hutoki. Nimechoka, mume wangu. Kula."

Na katika kila nyumba ya Vyunguni jioni ile palisikika maneno hayo hayo. "Hiki ni nini?" "Cha jana." "Na zile chapati za kisultani?" "Sultani amesafiri." Hakuna mume aliyeweza kulalamika. Wangelalamikia nini? Walikuwa wameshinda kesi.

Shekuwe alikula mchuzi wa jana, na siku ya pili akala, na siku ya tatu akala. Kusema kweli haukuwa mbaya. Lakini mtu aliyeonja katlesi hasahau. Alipoona hawezi tena, alinyanyuka mkekani, akatazama kama dirisha limefungwa, akaingia jikoni.

"Somoe," akasema chini chini, "huo muhogo unatwangwaje?"

Somoe aliweka mwiko chini. Akasogea, akampisha kwenye kinu. Hakumcheka. Alimwonyesha tu namna ya kushika mchi, na namna ya kukata kitunguu bila kukata kidole, na kiasi cha binzari ya manjano ya kutia. Shekuwe alitwanga, akalia kwa vitunguu, na kwa mambo mengine ambayo ilikuwa rahisi zaidi kuyalilia pale kwenye vitunguu. Walikaanga pamoja. Somoe akala kwanza, sahani nzima, na Shekuwe akangoja.

Kesho yake akaenda barazani, akapokea kahawa. Mwinyikai alikuwapo, na yule wa pembeni, na yule anayesinzia. Mmoja akasema, "Jana mke wangu ameanza tena kunipikia katlesi." "Hata wangu," akasema wa pili. "Hata wangu," akasema Shekuwe. Wakakubaliana wote kwamba wanawake, ukiwaachia kidogo, wanarudi wenyewe.

Na kila mkono ulioshika kikombe, kuanzia mwanzo wa baraza mpaka mwisho, ulikuwa na vidole vya njano kwa binzari, na kila mmoja aliona vya wenzake, na hakuna aliyesema neno.

Funzo lake, kwa mwenye kutaka funzo: usiape juu ya chungu usichokisugua.

Hadithi imefika. Mimi nilipewa na nyanya yangu, naye alipewa na nyanya yake, na kila mmoja aliitia chumvi ya kwake. Nawaona mmeila yote mpaka ukoko, na sikusikia hata mmoja akiniuliza kama ni ya jana.